Kulaza watalii hifadhini bila gridi: hesabu ya maji, sola, choo na mkataba

Vijiji vilivyo jirani na misitu, mbuga na fukwe hufikiwa na wageni wenye pendekezo linalofanana: tengeni eneo, tujenge nyumba chache za kulaza watalii, mapato tugawane. Mara nyingi eneo linalotakiwa liko mbali na nguzo za umeme na bomba la maji. Mwekezaji husema hilo si tatizo, kwa kuwa watalii wengi siku hizi wanatafuta utulivu.

Kuhusu utulivu anasema kweli. Wapo watu wanaolipa vizuri ili walale pasipo na televisheni wala kiyoyozi. Kinachosahaulika ni kwamba mahali pasipo na gridi, vitanda haviamui idadi ya wageni. Idadi hiyo inaamuliwa na maji yaliyobaki mwisho wa kiangazi na mahali pa kupeleka uchafu. Kijiji kisichofanya hesabu hiyo mapema huja kuifanya ndoo zikiwa zimepangwa foleni kisimani.

Mfano wa Chumbe

Kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar, umbali wa kilomita kama 12 baharini, kipo kisiwa cha Chumbe. Ni kidogo, urefu wake ni kama kilomita moja, na kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Hakina mto wala kisima cha maji baridi. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi kuwa hifadhi ya bahari, na msitu wa kisiwani nao ukafuata. Usimamizi ulikabidhiwa kampuni binafsi iliyoanzishwa na Mjerumani Sibylle Riedmiller. Gharama za walinzi, utafiti na ziara za wanafunzi hutokana kwa sehemu kubwa na watalii wanaolala katika nyumba saba tu.

Kila nyumba inajitegemea. Mvua inayoangukia paa huchujwa na kuhifadhiwa kwenye tangi lililojengwa chini ya nyumba. Maji hupandishwa kwa pampu ya mkono, na ya kuoga hupashwa moto na jua. Taa zinatumia sola. Choo hakivutwi maji kabisa. Maji ya kuogea na kunawia hupitishwa kwenye kitalu cha mimea inayonyonya uchafu kabla hayajafika ardhini.

Walinzi wa mwanzo walitoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Kazi yao kubwa ni kuzungumza na wavuvi wenzao na kueleza kwa nini samaki wanaozaliana ndani ya eneo lililofungwa huishia kwenye nyavu za walio nje. Hata hivyo, Chumbe ilianza na bahati ambayo vijiji vingi havina: uvuvi upande ule ulikuwa umebanwa tangu zamani, kwa sababu za kijeshi na za njia ya meli. Kufunga mahali ambapo wachache walikuwa wanavua si sawa na kufunga malisho ya kijiji kizima.

Maji kwanza

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chukua paa la bati la mita za mraba 100, katika eneo linalopata milimita 600 za mvua kwa mwaka. Hizo ni lita 60,000. Ondoa moja ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kusafisha paa, zinabaki 48,000.

Wageni wanne wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku humaliza lita 200, kwa hiyo maji hayo yatawatosha siku 240. Sasa weka matumizi ya hoteli ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikuta mtalii mmoja akitumia wastani wa lita 685 kwa siku, pamoja na bwawa la kuogelea na bustani, wakati mwenyeji alitumia chini ya lita 50. Kwa kiwango hicho, wageni wale wale wanne wangemaliza tangi kwa siku 17.

Na bado hatujawahesabu wapishi, walinzi na kufua mashuka. Mwekezaji anapoonyesha mchoro, muulize tangi lina ujazo gani, maana paa kubwa lenye tangi dogo humwaga mvua yote ya masika mtaroni. Muulize pia maji yakiisha atachota wapi. Akijibu kwamba atachimba kisima, basi mnazungumzia maji yenu.

Sola na mipaka yake

Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la saa tano ingetoa wati-saa 500 kwa siku. Kwa sababu ya joto, vumbi na upotevu kwenye nyaya na betri, panga kupata kama 350. Balbu nne za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia 100. Simu moja huchukua kama 15. Mpaka hapo nyumba ya wageni wawili haina shida.

Shida huletwa na vitu vya moto na vya baridi. Birika la umeme au mashine ya kukaushia nywele huvuta wati 1,000 hadi 2,000, na friji ndogo inaweza kumaliza umeme wote wa paneli ile na bado ikadai. Ndiyo maana sehemu zinazoendeshwa vizuri hupikia gesi, hupasha maji kwa jua na kumwambia mgeni kabla hajalipa kwamba vifaa hivyo aviache nyumbani. Mahali ambapo mgeni haambiwi, jenereta huletwa kimyakimya mwaka wa pili, na ule utulivu uliouzwa unakuwa umekwisha.

Betri ndizo zinazochosha mfuko. Za risasi na tindikali hazipendi kushushwa chini ya nusu, na zikitumiwa vibaya hufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Za lithiamu hudumu zaidi lakini bei yake ni kubwa. Fedha za kuzibadilisha lazima ziwekwe akiba tangu mgeni wa kwanza. Betri chakavu isitupwe porini. Risasi ni sumu kwa watoto, mifugo na maji.

Choo

Watu hucheka likitajwa, lakini choo kinaweza kuua hifadhi yenyewe. Ardhi ya mawe ya matumbawe ina matundu kama sifongo. Uchafu wa shimo hupenya hadi baharini, hurutubisha mwani, na mwani hufunika matumbawe. Choo cha mboji hakitumii maji: kila aliyekwenda haja humwagia konzi ya majani makavu au mchanganyiko wa udongo, bomba jeusi hupashwa na jua na kuvuta harufu juu, na vijidudu huozesha taratibu. Kikilowana, kinanuka. Kikijazwa watu kuliko uwezo wake, hakiozeshi. Hapo tena idadi ya wageni imepangiwa kikomo.

Nani anabaki na fedha

Nyumba chache maana yake ni fedha kidogo za kugawana, kwa hiyo mkataba mbaya huumiza haraka. Chumbe ni ya kampuni. Ipo njia nyingine. Kaskazini mwa Mlima Kenya, katika kaunti ya Laikipia, jamii ya Wamaasai wa Il Ngwesi ilifungua mwaka 1996 nyumba ya wageni inayomilikiwa na jamii yenyewe na kuendeshwa kwa sola. Mwaka 2002 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Umiliki wa namna hiyo huweka faida mikononi mwa jamii, na pia huwatwisha hasara. Mwaka 2020, korona iliposimamisha ndege, malazi ya aina hii yalikosa wageni huku walinzi wakiendelea kuhitaji mshahara.

Kisheria, nchini Kenya, mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii unahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima, kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haimruhusu mwenyekiti wala halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Pale vijiji vinapoungana kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, mpango wa matumizi bora ya ardhi hutangulia. Saini iliyopatikana chini ya mti na wazee watatu haitoshi.

Katika karatasi yenyewe, neno la kulitazama kwa makini ni "faida". Asilimia 20 ya faida inaweza kuwa sifuri kila mwaka, kwa sababu anayeandika matumizi ni mwekezaji. Afadhali kiasi maalumu kwa kila kitanda kwa kila usiku, kwani hicho kijana wa kijiji anayefanya kazi pale anaweza kukihesabu, pamoja na kodi ya chini inayolipwa hata wageni wasipokuja. Idadi ya juu ya vitanda iandikwe, na iwe marufuku kuongeza bila mkutano mkuu. Malisho au maji yanayofungwa yatajwe kwa mipaka inayoonekana, na miezi ya ukame ambayo mifugo itaruhusiwa kuingia iandikwe kwa majina yake.

Mwisho iandikwe, mkataba ukimalizika, nani anaondoa betri na nani anabaki na matangi.