Nani Aijuaye Forodha?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Mwalimu, kabla ya kuanza, andika ubaoni maneno haya: forodha, ushuru, dhamana, lakiri, wakala, cheti.)

Ketini vizuri, tuanze somo letu la historia.

Ukisimama kando ya barabara kuu hapa Tukuyu, hukai sana kabla hujaona lori kubwa likishuka kutoka upande wa Mbeya kwenda Kyela. Litazame nyuma, penye milango. Mara nyingi utaona milango imefungwa kwa kipande cha chuma chenye namba. Chuma hicho huitwa lakiri. Mzigo ulio ndani umetoka bandari ya Dar es Salaam, nao unakwenda Malawi kwa njia ya Kasumulu, penye mto Songwe. Umesafiri mamia ya maili ndani ya nchi yetu, wala haukulipiwa ushuru wa kuingiza bidhaa Tanzania. Huo si wizi. Ni sheria.

Je, sheria hiyo ilitoka wapi? Na nani aijuaye? Hayo ndiyo tutakayojifunza leo.

FORODHA NI NINI

Forodha ni mahali pa kukagulia bidhaa ziingiazo na zitokazo katika nchi, na kutoza ushuru. Kanuni ya kawaida ni nyepesi: bidhaa imefika, imepimwa, ushuru umelipwa, mlango umefunguliwa. Lakini biashara ya nchi na nchi haiendi kwa kanuni moja tu. Kuna mizigo inayopita kwenda kwa jirani. Kuna bidhaa zinazowekwa katika ghala la forodha, zikingoja mnunuzi, na ushuru wake hulipwa siku zinapotoka. Kuna mashine inayoingia kwa muda, ikifanya kazi ya kujenga daraja, kisha ikarudi kwao. Na kuna kitambaa kinachoingizwa ili kishonwe nguo za kuuzwa nje tena.

Hizo zote zina taratibu zake za pekee. Na taratibu hizo zote zina mzizi mmoja: Serikali inakubali kutopokea ushuru leo, kwa sababu imeahidiwa jambo fulani kwa maandishi. Kwa maneno mengine, ni imani iliyowekwa katika karatasi. Basi historia ya forodha ni historia ya watu walioaminiwa.

TAJIRI MMOJA WA UNGUJA

Zamani za Sultani Said bin Sultan, forodha ya Unguja haikuwa na ofisi ya Serikali kama tuijuayo sisi. Sultani aliikodisha. Tajiri alimlipa Sultani fedha iliyopatanwa kwa mwaka, kisha yeye mwenyewe akatoza ushuru, na kilichozidi kikawa faida yake. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1830, waliokodi walikuwa watu wa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Katika miaka ya 1850 na 1860 kazi hiyo ilisimamiwa kwa niaba yao na Ladha Damji. Baadaye Sultani Barghash alimpa Taria Topan, tajiri mwingine.

Tazameni jambo hili. Mwaka 1833 Sultani alifanya mkataba na Marekani kwamba bidhaa zao zitozwe ushuru wa asilimia 5. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa katika vitabu vya tajiri. Aliyetaka kuijua kazi ya forodha ilimpasa azaliwe katika nyumba ile au awe karani wake. Hapakuwa na darasa, wala mtihani, wala cheti. Elimu ilifungwa ndani ya nyumba moja.

FORODHA YALETA VITA

Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliwapa Kampuni ya Wajerumani ruhusa ya kutawala pwani ya bara na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi wa Agosti mwaka ule walishika bandari. Watu wa pwani walikasirika, kwani waliona heshima yao na riziki yao vimeingia mikononi mwa wageni. Huko Pangani aliinuka Abushiri bin Salim, na huko Saadani Bwana Heri. Vita vikaenea. Abushiri alinyongwa mwezi wa Desemba mwaka 1889. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini forodha ilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Anayeushika mlango wa nchi, ameishika nchi.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana mipaka, na huku kwetu mto Songwe ukawa mpaka. Wanyakyusa na Wangonde waliozoea kuvuka mto kwenda kuzika na kuoa, wakajikuta wanavuka kutoka dola moja kwenda dola nyingine. Mto ulikuwa ule ule. Maana yake ndiyo iliyogeuka.

FARANGA MOJA KWA MWAKA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitawala Tanganyika, na Wabelgiji walitawala Kongo na Ruanda-Urundi. Mizigo ya Wabelgiji ilihitaji njia ya baharini, na reli ya kati ilikuwa imekwisha kufika Kigoma tangu mwaka 1914. Basi mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walitia sahihi mapatano. Wabelgiji walipewa viwanja vyao wenyewe katika bandari ya Dar es Salaam na Kigoma, na mizigo yao ikapita bila kulipa ushuru. Kodi ya viwanja hivyo ilikuwa faranga moja kwa mwaka, tena bila mwisho.

Huo ni mfano mmoja mkubwa wa utaratibu wa mizigo ipitayo katika historia ya nchi yetu. Lakini aliyeaminiwa alikuwa dola ya kigeni, na mwenye nchi hakuulizwa. Ndiyo maana tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere alilieleza Bunge kwamba Tanganyika huru haitajiona imefungwa na mapatano hayo. Hakukataa kuwapitishia majirani mizigo yao. Alikataa kwamba mtawala wa muda aweze kutoa sehemu ya nchi milele. Jirani apitishiwe mizigo kwa mapatano yetu sisi, siyo kwa amri ya waliokwenda zao.

LORI LINAFIKA TUKUYU

Malawi kwa miaka mingi ilitumia bandari za Msumbiji, yaani Beira na Nacala. Vita vya Msumbiji vya miaka ya 1980 viliharibu njia hizo za reli. Malawi ikageuka kuitazama Dar es Salaam. Vikajengwa vituo vya mizigo ya Malawi, kimoja Dar es Salaam na kimoja Mbeya. Mizigo ilifika Mbeya kwa reli ya TAZARA, ikapakiwa katika malori, ikateremka kupitia Tukuyu mpaka mpakani na Karonga. Hivyo ndivyo historia ya dunia ilivyopita mbele ya milango yetu.

Sasa mjue siri ya ile lakiri. Kabla mzigo haujatoka bandarini, wakala wa forodha huweka dhamana. Huahidi kwa maandishi, akithibitishwa na benki au kampuni ya bima, kwamba mzigo ukipotea njiani, ushuru wote utalipwa. Lori hupewa njia ya kufuata, na lakiri hufungwa. Likifika Kasumulu, afisa hutazama: je, lakiri ni nzima? Namba ni ile ile iliyoandikwa? Ikiwa sawa, huthibitisha kwamba mzigo umetoka katika nchi, na dhamana hufunguliwa. Lakini mzigo ukishushwa gizani na kuuzwa madukani kwetu, mwenye dhamana atadaiwa. Naye mwenye duka aliyelipa ushuru wake wa halali atashindwa bei na bidhaa ya magendo. Namba moja ikiandikwa vibaya, lori litakaa mpakani siku nyingi.

DARASA LA FORODHA

Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa kwa kubahatisha. Wakati wa ukoloni, idara ya forodha ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1949, na kwa muda mrefu vyeo vya juu vilishikwa na Wazungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1967 na ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na forodha yake. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi mwaka 1996. Jumuiya mpya ikaunda Umoja wa Forodha, ulioanza tarehe 1 Januari 2005, na sheria moja ya forodha kwa nchi wanachama.

Sheria ikiwa moja, na elimu yake haina budi kuwa moja. Ndipo mamlaka za mapato na vyama vya mawakala wa Afrika Mashariki wakaanzisha mafunzo ya pamoja yenye cheti kimoja. Kwetu hufundishwa na Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Wanafunzi husoma sheria ya forodha, jinsi ya kuthamini bidhaa, uasili wake, usafirishaji, na taratibu za pekee tulizozitaja. Hujifunza pia namba za bidhaa, ambazo zinatumika duniani tangu mwaka 1988. Namba hizo zinayajua hata mazao ya Rungwe: kahawa ni 0901, chai ni 0902, ndizi ni 0803, na parachichi limo katika 0804. Ukiandika 0804 katika karatasi ya mpakani, afisa wa Ulaya au Asia ataelewa kama afisa wa Kasumulu.

Elimu iliyokuwa ndani ya nyumba ya tajiri mmoja, leo imeandikwa ubaoni. Kijana wa Makandana aliyemaliza shule aweza kuisoma.

KARATASI YA MAMA MDOGO

Wengine mtasema: sisi si mawakala, yatuhusu nini? Nitawaeleza jambo moja la nyumbani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita mama mdogo wangu alipeleka ndizi mpakani. Mtu mmoja akamwambia, "Mama, nipe fedha, nitakushughulikia karatasi." Akampa. Mtu yule akarudi na karatasi yenye muhuri, mama mdogo akaikunja vizuri akaitia katika kanga. Mwezi mmoja baadaye alinionyesha. Ilikuwa risiti ya kuegesha gari. Hakuwa na gari.

Tanzania na Malawi zote ni nchi za SADC. Mazao yaliyolimwa hapa yakiwa na cheti cha uasili, huweza kupata nafuu ya ushuru upande wa pili. Cheti ndicho alichokihitaji. Hakudanganywa kwa sababu ya ujinga wa biashara, maana biashara anaijua kunishinda. Alidanganywa kwa maneno matatu yaliyochapwa juu ya karatasi, ambayo hakuweza kuyasoma. Leo yumo katika darasa kama lenu, naye huanza kwa kusoma kichwa cha karatasi kabla ya kutazama muhuri.

Nanyi fanyeni hivyo. Someni juu kwanza: karatasi hii ni ya nini? Kisha jina: je, ni langu? Kisha bidhaa, namba na fedha. Muhuri uwe wa mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mzigo wa Malawi haulipiwi ushuru wa Tanzania?
2. Kuna tofauti gani kati ya imani aliyopewa Jairam Shivji na ile anayopewa wakala wa leo?
3. Nyerere alikataa nini mwaka 1961, na hakukataa nini?
4. Kila mmoja alete karatasi moja kutoka nyumbani, risiti au cheti, asome kichwa chake mbele ya darasa.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.