Sekta ya 63: Mpaka Uliodumu Baada ya Diski Kubadilika

Mwezi Machi 1983 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya PC XT, iliyokuwa na diski kuu ya megabaiti 10. Ilifuatana na mfumo endeshi wa DOS toleo la 2.0, ambao uliweka katika sekta ya kwanza kabisa ya diski jedwali dogo lenye nafasi nne. Kila nafasi ilieleza sehemu moja ya diski inaanzia wapi na inaishia wapi, ili mifumo endeshi zaidi ya mmoja iweze kukaa katika diski moja bila kuingiliana. Historia ya ulinganifu wa sekta, ambayo aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza na diski za mwaka 2010, kwa hakika inaanzia katika jedwali hilo.

Anwani zake zilifuata umbo halisi la diski: silinda, kichwa na sekta. Silinda ilitengewa biti 10, kichwa biti 8, sekta biti 6. Kwa kuwa sekta zilihesabiwa kuanzia 1 badala ya 0, biti 6 ziliruhusu sekta 63 katika kila njia ya duara. Diski ya XT ilikuwa na sekta 17 tu kwa njia, hivyo kikomo hicho kilizidi mahitaji kwa zaidi ya mara tatu. Sambamba na hayo ilijengeka desturi ya kuanzisha sehemu ya diski mwanzoni mwa njia. Njia ya kwanza ikaachiwa jedwali peke yake.

Diski zenyewe hazikusubiri. Watengenezaji walianza kuweka sekta nyingi zaidi katika njia za nje, ambazo ni ndefu, kuliko za ndani. Tangu hapo hapakuwa na idadi moja ya sekta kwa njia ambayo ingekuwa kweli kwa diski nzima. Hata hivyo BIOS na DOS ziliendelea kuuliza swali lilelile, na diski ikawa inajibu kwa tarakimu za kubuni zilizolenga kuvifikia vikomo vya jedwali: vichwa 255 na sekta 63. Diski yenye vichwa viwili au vinne ilijitangaza kuwa na 255, na programu zikaridhika. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ikawa inaanzia katika sekta ya 63, zikihesabiwa kuanzia 0, ingawa nambari hiyo haikupima tena kitu chochote ndani ya chombo. Sekta 62 zilizobaki wazi kati ya jedwali na mpaka huo zikawa kama ardhi isiyo na mwenyewe: kianzishi cha GRUB kilijihifadhi humo, na baadhi ya virusi vilevile.

Gharama ya mpaka huo ilionekana kwanza katika seva. Diski kadhaa zinapounganishwa kwa mfumo wa RAID, data hugawanywa katika vipande vyenye ukubwa maalumu, mathalani kilobaiti 64. Sekta 63 za baiti 512 ni baiti 32,256, kiasi ambacho hakilingani na mpaka wa kipande chochote cha aina hiyo. Baadhi ya maombi yaliyopaswa kuhudumiwa na diski moja yalihitaji mbili. Microsoft iliongeza chaguo la kulinganisha mipaka katika programu yake ya kugawa diski kupitia kifurushi cha kwanza cha marekebisho ya Windows Server 2003. Dawa, kwa hiyo, ilikuwapo, lakini ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa hifadhidata. Mtumiaji wa kawaida wa Windows XP aliendelea kupewa sekta ya 63 bila kuulizwa.

Mgogoro wenyewe ulitokana na hesabu ya uso wa diski. Kila sekta ya baiti 512 ilihitaji takriban baiti 15 za pengo na alama za utambuzi, na takriban 50 za kusahihisha makosa. Sekta nane ndogo zikifanywa moja ya baiti 4,096, alama huandikwa mara moja, na baiti takriban 100 za kusahihisha hutosha. Sehemu ya uso inayobeba data ya mtumiaji hupanda kutoka asilimia 88.7 hadi 97.3. Chama cha watengenezaji wa diski, IDEMA, kiliupa mpangilio huo jina la Advanced Format mwezi Desemba 2009, na Western Digital ikaanza kuuza diski za aina hiyo katika kipindi hichohicho.

Hata hivyo, ili programu za zamani zisikwame, diski hizo zilijitambulisha kuwa bado zina sekta za baiti 512. Hapo ndipo hadithi mbili za kubuni zilipogongana. Mfumo wa faili wa NTFS huandika kwa mafungu ya kawaida ya baiti 4,096, yaani sekta nane za zamani. Namba 63 haigawanyiki kwa nane. Kila fungu, tangu la kwanza hadi la mwisho, lilikaa juu ya sekta mbili halisi. Ili kuliandika, diski ililazimika kusoma kwanza sekta zote mbili, kubadilisha kipande cha kila moja, kisha kusubiri sahani izunguke tena ndipo iandike. Kwa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Muda huo ni mdogo kwa faili moja, lakini ni mzigo mzito kwa kompyuta inayoandika maelfu ya faili ndogo.

Suluhisho la Western Digital kwa watumiaji wa XP lastahili kutajwa kwa sababu linaonyesha jinsi desturi ilivyokuwa na nguvu. Pini mbili nyuma ya diski ziliunganishwa kwa kibanio kidogo, na diski ikaongeza moja katika kila anwani iliyoombwa: programu ilitaja 63, chombo kikaandika katika 64. Njia hiyo ilifaa pale tu diski ilipokuwa na sehemu moja, na kibanio kikiondolewa baadaye, data haikusomeka. Ilionekana rahisi zaidi kufundisha chuma kudanganya kuliko kubadilisha programu.

Programu, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma Januari 2007, ilianzisha sehemu ya kwanza katika sekta ya 2,048, yaani baada ya megabaiti moja kamili. Nambari hiyo hugawanyika kwa nane, kwa vipande vya kawaida vya RAID, na kwa kurasa za kumbukumbu za flashi, ambazo nazo huumia mipaka isipolingana. Lakini XP ilihudumiwa hadi tarehe 8 Aprili 2014, na taasisi zilizonakili diski ya zamani nzima kwenda diski mpya zilihamisha pia mpaka wa 63. Mashine mpya ikafanya kazi kwa uzito, na mara nyingi lawama ikaangukia diski. Kwa mshauri wa sera za ununuzi, hili ndilo somo gumu zaidi la kisa hiki, kwa kuwa kasoro iliyokuwa katika utaratibu wa kuhamisha data haikuonekana katika ankara wala katika orodha ya sifa za kifaa.

Jedwali la DOS lilifikia ukomo kwa sababu nyingine. Anwani zake za biti 32, kwa sekta za baiti 512, haziwezi kuvuka terabaiti 2.2, na mpangilio wa GPT ukachukua nafasi yake katika diski kubwa. Hata hivyo GPT huacha sekta ya kwanza kwa jedwali la mtindo wa 1983, lenye ingizo moja linaloiambia programu yoyote ya zamani kwamba diski yote imekwisha kushikwa.