Hamamu Iliyotiwa Chupani

Wengi wetu tukiona chupa ya manukato iliyoandikwa London, hudhani kuwa kila kilichomo asili yake ni Ulaya. Historia ya nyumba ya Penhaligon's yatueleza mengine.

Palikuwa na Mwingereza aitwaye David Urquhart, aliyepata kufanya kazi katika ubalozi wa nchi yake mjini Istanbul. Huko aliipenda mno hamamu ya Waislamu. Mwaka 1850 alizisifu hamamu kitabuni, akawahimiza wenzake wajenge za kwao. Na mwaka 1862 hamamu kubwa ikafunguliwa katika mtaa wa Jermyn, London.

Basi katika mtaa huo alikuwapo kinyozi, William Henry Penhaligon, mtu wa Cornwall. Mvuke na harufu za hamamu vilimpa wazo. Mwaka 1872 akatoa manukato aliyoyaita Hammam Bouquet, yaani shada la hamamu, ndani yake mkiwamo waridi, asumini, lavenda, sandali na miski. Ukiondoa lavenda, ni kipi hapo kilicho kigeni kwa mama wa pwani? Hata elimu ya kuchemsha maua na kuukusanya mvuke wake, al-Kindi wa Baghdad alikuwa akiishughulikia katika karne ya 9, na kitabu kinachonasibishwa naye kina mapishi ya manukato zaidi ya 100.

Mwaka 1941, wakati wa vita, mabomu ya Wajerumani yaliivunja hamamu ile, na duka la Penhaligon nalo likaangamia. Lakini harufu haikufa, kwani vipimo vyake vilikuwa vimeandikwa. Nyumba hiyo ilipofufuliwa miaka ya 1970, waliochukua kazi walifungua daftari, wakapima, wakachanganya.

Sasa tutazame kwetu. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, naye aliwajengea watu hamamu. Jengo la Hamamni lingali limesimama, ila birika zake ni kavu. London jengo limetoweka, harufu imebaki. Kwetu jengo limebaki, je, harufu ziko wapi?

Bibi zetu walijua kupika udi, kufunga kikuba na kuchanganya mafuta mazuri, kila mmoja kwa kipimo chake. Wengi wamefariki nacho kifuani. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mwako yupo mzee ajuaye, usingoje. Kaa naye leo, ukiwa na kalamu na daftari.