Maia Lekow: Mwimbaji Aliyeipeleka Kamera Rabai

Maia Lekow ni Mkenya, mwanamuziki na mtengenezaji wa filamu za hali halisi. Namwandika kwenye safu hii kwa sababu filamu iliyompa jina duniani ilipigwa hapa hapa kwetu, Rabai, Kaunti ya Kilifi. Nayo yahusu jambo ambalo sisi watu wa Pwani hulisema kwa kunong'ona: wazee wanaoitwa wachawi, kisha wakafukuzwa makwao au kuuawa.

Alianza na muziki. Wimbo wake "Uko Wapi", uliotumika katika filamu ya Killer Necklace ya Judy Kibinge, ulimpatia tuzo ya AMAA mwaka 2009. Bendi yake ni Maia & The Big Sky. Angeweza kubaki huko jukwaani na hakuna ambaye angemlaumu.

Pamoja na mumewe, Christopher King, akaingia kwenye filamu. The Letter iliongozwa na wote wawili, ikawachukua miaka kadhaa, na ikaoneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la IDFA, Amsterdam, Novemba 2019. Baadaye Kenya ikaichagua iiwakilishe nchi kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za 93 za Oscar. Haikuteuliwa, lakini ilifika mbali kwa filamu ya kijijini isiyo na mwigizaji hata mmoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana aishiye Mombasa apata habari kwamba nyanyake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, ameitwa mchawi kwenye Facebook. Arudi nyumbani kuuliza kulikoni. Anayemkuta ni ajuza shupavu ambaye bado analima, na ukoo uliogawanyika. Humo mna mahubiri ya kutoa mapepo, mna uchungu wa kweli wa watu waliofiwa, na chini ya yote mna shamba. Mwenye mvi akiondoka, ardhi yabaki na nani? Swali hilo ndilo filamu inalolizungukia.

Kilichonipendeza ni subira. Mwandishi wa habari hufika msiba ukishatokea, akahoji chifu na polisi, akaondoka kabla ya magharibi. Lekow na mwenzake walikaa. Hata wanaomshuku bibi wanapewa nafasi ya kusema, na hapo ndipo mtazamaji hukosa raha, kwani hao nao ni jamaa zake, si majambazi wa kutoka mbali. Na tusidhani haya ni ya makanisa peke yake. Ramli yapigwa pia kwenye mitaa yetu sisi Waislamu, na twawajua wapigaji.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ni ya 1925, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa ndani yake. Hata hivyo huko Ganze imebidi pawe na makazi ya Kaya Godoma ya kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe.

Filamu yao iliyofuata, How to Build a Library, ilioneshwa Sundance, Marekani, Januari 2025. Yawafuata Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wa Book Bunk wakipambana kuifufua maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ni hadithi ya vumbi, karatasi za kikoloni na vikao visivyokwisha na wakuu wa kaunti. Ukiitazama juu juu haihusiani na Rabai. Mimi naona ni swali lile lile la nani mrithi, ila safari hii kinachorithiwa ni jengo na vitabu.

Ukipata nafasi, anza na The Letter. Itazame sebuleni pamoja na wazee wa nyumbani, si peke yako kwenye simu, na uwaachie wao wazungumze kwanza.