Hedifoni Ikilia Sikio Moja, Usiitupe

Mpwa wangu anasoma Voi na anakaa chumba kimoja na wenzake wawili. Masomo ya usiku huyafuata kwenye simu, kwa hivyo hedifoni ikifa, ama asisome, ama awaamshe wenzake. Juzi alinijia na ya tatu tangu mwaka uanze, inalia sikio la kulia tu. "Mjomba, hii ni ya kutupa," akasema. Nikamwambia aketi.

Mara nyingi spika za ndani huwa nzima. Kinachokufa ni waya, na hukatika karibu na pini, pale unapokunjwa kila siku mfukoni na kwenye matatu. Weka sauti, kisha ukunje waya polepole kuanzia kwenye pini ukipanda. Sauti ikirudi ghafla, umepapata.

Pini mpya huuzwa kwa mafundi wa simu. Lakini kwa ndugu yetu aliye Kasigau, nauli ya kwenda Voi na kurudi yaweza kuzidi bei ya hedifoni yenyewe. Tazama kwanza kwenye droo. Sisi tulikuwa na nyingine iliyokanyagwa spika, pini yake nzima. Tukaikata pamoja na sentimita 15 za waya wake. Hesabu mistari ya pini: miwili ni ya sauti tu, mitatu ina maikrofoni pia. Zilingane.

Sasa hapa ndipo wengi hushindwa. Zile nyuzi nyembamba za rangi zimepakwa vanishi ili zisipitishiane umeme zikilala pamoja. Ukizisokota hivyo hivyo na kufunga tepu hutasikia kitu, hata usokote mpaka kesho, na utadhani spika imekufa. Pitisha ncha kwenye moto wa kibiriti, sekunde moja tu, halafu sugua taratibu kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae. Ukizidisha moto, nyuzi hukatika kama majivu.

Kwa kawaida nyekundu ni sikio la kulia, kijani au buluu ni la kushoto, na ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Viwanda lakini havifuati kanuni moja, basi usiziamini rangi. Shikanisha kwa vidole, cheza kitu kwa sauti ndogo, sikiliza, ndipo ulehemu. Kila kiungo kipate tepu yake peke yake. Viungo viwili vikigusana, sikio moja laweza kunyamaza tena.

Kabla ya kulehemu, pitisha kipande cha mrija wa soda kwenye waya, uje kukivuta juu ya viungo visikunjike. Mimi nilikisahau nikalazimika kukata upya, mpwa akicheka. Asiye na chuma cha kulehemu asokote kwa nguvu na kufunga tepu. Itamsukuma wiki kadhaa.

Haya yote ni ya pini ya duara. Zile za pini bapa ya Type-C zina saketi ndogo ndani. Hizo mpelekee fundi.

Ya mpwa sasa inalia pande zote mbili. Maikrofoni ndiyo bado, kwa sababu uzi wake ulikatika nilipotumia wembe badala ya msasa. Jumamosi tutaufungua tena.