Mwakilishi wa Darasa

Shuka Uthiru, ingia kampasi ya Upper Kabete, uliza komredi yeyote kazi ya mwakilishi wa darasa: kumsaka mhadhiri, kufuatilia alama zilizopotea. Mafunzo? Namba ya simu na kila la heri.

Zamani serikali iliwaogopa wawakilishi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU pale Chuo Kikuu cha Nairobi, alifungwa miaka 10 kwa uchochezi baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Akafia gerezani 1988. Mwaka 1987 SONU ilipigwa marufuku; mwenyekiti Wafula Buke akakamatwa, akafungwa miaka 5, ati jasusi wa Libya.

Tangu sheria ya 2016, wanafunzi huchagua wajumbe, nao wajumbe huchagua viongozi. Darasani bado tunamsukumia aliyekaa mbele siku ya kwanza, kisha aende ofisini peke yake.