Vijiji Vilivyoandikwa na Waliovisaka

Mwaka 1975 mwanahistoria Mfaransa Emmanuel Le Roy Ladurie alichapisha kitabu juu ya Montaillou, kijiji cha wakulima na wachungaji kwenye milima ya Pyrenees, kusini mwa Ufaransa, mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake wa zamani hizo walikuwa kama 250, basi. Hata hivyo kitabu kiliuzwa kama riwaya, na sababu yake iko wazi: watu wale wana majina na sauti. Yupo kasisi Pierre Clergue, mpenda wanawake na mwenye ndimi mbili. Yupo Béatrice de Planissoles, mjane aliyekuwa hawara wake. Yupo mchungaji Pierre Maury, anayevuka milima na kondoo kila msimu unapogeuka. Tunajua hata nani alimtoa nani chawa, wamekaa juani wakipiga soga.

Habari hizi zote zilitoka katika daftari la mashtaka. Askofu Jacques Fournier, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa 12, aliwahoji wanakijiji kati ya mwaka 1318 na 1325 akiwashuku kwamba ni Wakathari, waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi. Akauliza, makarani wakaandika.

Msomaji wa Runyenjes au Chogoria, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akikifunga kitabu hicho ana haki ya kuuliza: kwetu aliandika nani?

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Ukitoka mjini Embu kwenda Meru kwa barabara kuu unakata mto baada ya mto: Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, hadi Kathita. Kila mmoja umejichimbia bonde kutoka Mlima Kenya, na maji yote huishia Tana. Kabla ya lami na madaraja, aliyekaa ng'ambo ya bonde alikuwa mbali nawe kuliko aliyekaa mwendo wa nusu siku chini yako kwenye mgongo uleule. Maisha yalipanda na kushuka: juu msitu na baridi, katikati migomba na viazi vikuu, chini kwenye joto la Mbeere na Tharaka mtama, mawele na mbuzi. Leo juu kuna majani chai, katikati kahawa, chini ndengu na muguka, lakini ngazi ni ileile. Pierre Maury angeielewa upesi. Naye alipanda na mifugo majira ya joto na kuishusha baridi ilipoanza.

Kitu ambacho kingemshangaza ni kukosekana kwa kijiji. Nyumba za Montaillou zilibanana chini ya ngome ya bwana, na kanisa lilikuwa karibu. Huku miji ya watu ilitawanyika mgongoni, kila mmoja na shamba lake na migomba yake, na kilichowaunganisha hakikuwa na paa. Ulikuwa ukoo, lilikuwa rika, ambalo Wameru huliita nthuki, ulikuwa utawala wa kupokezana, Nyangi na Kimanthi kwa Waembu, Kiruka na Ntiba kwa Wameru, lilikuwa baraza la Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru. Waembu husema wametokana na Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes. Wameru husimulia walivyotoroka utumwa katika kisiwa cha Mbwaa, ng'ambo ya maji. Wapo wataalamu waliokitafuta kisiwa hicho huko Lamu, lakini mzee wa Tigania hakuwahi kuwangoja ili ajue alikotoka.

Kisha ikaja kalamu. Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, na mwaka 1908 Edward Horne akafungua kituo cha serikali Meru. Kilichoandikwa tangu hapo ni kodi ya vibanda, kesi na majina ya machifu. Kijiji chenyewe, kwa maana ya nyumba zilizopangwa mstari, kilifika kwa nguvu mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Serikali iliamua kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru ili wapiganaji wa Mau Mau wa msituni wakose chakula. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Kijiji kipya kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, kikawekewa kituo cha homugadi, walinzi wa upande wa serikali, na watu wakafungiwa ndani kwa amri ya kutotoka nje. Wanawake walilazimishwa kuchimba handaki jingine refu kando ya msitu wa mlima.

Hapo Montaillou na Embu zinakutana, kwa njia isiyofurahisha. Mwaka 1308 maafisa wa Kanisa walikikamata kijiji kizima cha Montaillou. Kumbukumbu za pande zote mbili, mbali na kuandikwa na waliowasaka watu hao, zilihifadhiwa mbali nao: daftari la Fournier liko katika maktaba ya Vatikani, na majalada mengi ya Hali ya Hatari yalifichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoifanya serikali ya huko ikiri kwamba inayo.

Tofauti moja ni kubwa, na kwangu ndiyo yenye uzito. Fournier alikuwa katili mwenye subira. Alimwacha mshtakiwa aongee, akataka kujua nani alikaa wapi kando ya moto na walisema nini. Maafisa wa 1954 walitaka hesabu: wangapi wamekula kiapo, wangapi wamehamishwa. Kwa hiyo kutoka Vatikani unaweza kumfufua mchungaji mmoja na maneno yake. Kutoka Hanslope Park utapata idadi tu, na ukibahatika, jina lililokosewa herufi.

Karatasi iliyobaki vijijini kwetu ni ile ya mipaka. Mpango wa kilimo wa Swynnerton, wa serikali ya kikoloni, wa mwaka huohuo wa 1954 uliagiza vipande vya familia viunganishwe na kupewa hati. Ufaransa nayo ilikuwa ikiunganisha mashamba yake miaka hiyo, na kule Bretagne trekta ziling'oa nyua za karne nyingi. Matokeo huku unayaona kwa macho: vishamba vyembamba kama riboni, kutoka barabara ya mgongoni hadi mtoni, mgrivelia mpakani, kahawa juu, majani ya ng'ombe kwenye matuta, migomba na nduma kule kwenye unyevu. Wana wamegawana tena, na riboni zinazidi kuwa nyembamba. Ramani ya ardhi inaonyesha namba ya kiwanja. Haionyeshi nyumba ilikochomwa, wala handaki lilikopita.

Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1954 sasa amepita themanini. Kama unaye nyumbani, chukua simu yako, mwombe ruhusa, umrekodi kwa Kiembu au Kimeru chake, na umuulize kama Fournier alivyouliza: nani alikaa wapi, walikula nini, walisema nini. Mwache amalize sentensi zake.